Shaka ya kozi chuoni inapogeuka maumivu ya tumbo

Na DAKTARI WETU

Mama mmoja anayeuza mboga katika mtaa wa Landless, mjini Thika, alimleta mwanawe kliniki asubuhi ya Jumatatu. Kijana alikuwa na umri wa miaka 20, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi katika chuo kikuu kimoja. Hata kabla hajaketi, mama alikuwa amekwisha kutoa uamuzi.

"Daktari, huyu ana alsa. Ametapika tangu jana jioni, na leo ndiyo siku ya kurudi chuoni."

Nilipoifungua kadi yake niliona kwamba hiyo ilikuwa mara ya nne katika miezi michache. Alikuwa amepewa dawa za kupunguza asidi, akapewa za minyoo, akapewa za homa ya matumbo. Aidha, alikuwa akijinunulia vidonge vya maumivu katika maduka ya dawa. Nilipozitazama tarehe, jambo moja likanishangaza. Karibu kila mara aliugua siku ya kufungua chuo, au Jumatatu, au wiki ya mtihani. Wakati wa likizo alikula githeri na maharagwe kwa mama yake bila ya kulalamika hata siku moja.

Nilimpima. Tumbo lilikuwa laini, hakuwa na homa, damu yake ilikuwa ya kutosha, na uzani wake ulikuwa umepungua kidogo tu. Ndipo nikamwambia mama, "Mama, tafadhali nipishe kidogo nizungumze na kijana." Mama alisita, kisha akatoka.

Mlango ulipofungwa kijana alinyamaza kwa muda mrefu. Nilimuuliza masomo yanaendeleaje. Akaanza kulia.

Muhula uliotangulia hakuwa amefanya mtihani hata mmoja. Kwa miezi miwili alikuwa akiondoka bwenini asubuhi na mkoba wake mgongoni, anakwenda kuketi maktaba au kuzurura mjini, kisha anarudi jioni pamoja na wenzake. Hesabu za uhandisi zilikuwa zimemshinda tangu mwaka wa kwanza, lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba hakuwahi kuitaka kozi hiyo. Alipopata alama nzuri katika mtihani wa KCSE, mwalimu alisema uhandisi, mjomba akasema uhandisi, na majirani wakafanya mchango wa karo. Mama naye tayari alikuwa akiwaambia wateja kibandani kwamba mwanawe ni injinia.

"Daktari," akaniambia, "nikisema siitaki hii kozi, mama atakufa."

Nimebadilisha mambo kadhaa ili kijana huyo asitambulikane. Hata hivyo, msomaji, usidhani kisa chake ni cha ajabu. Thika ni mji wa viwanda, lakini pia ni mji wa wanafunzi. Mna Chuo Kikuu cha Mount Kenya, taasisi ya ufundi na kampasi ya chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC. Jirani tu, Juja, kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Katika Landless, Makongeni na mitaa mingine mna vijana wengi wanaopanga vyumba vya ploti. Kila mwanzo wa muhula, baadhi yao hufika kwetu wakiwa na tumbo, kichwa, moyo kudunda au kukosa usingizi, na vipimo havionyeshi kitu.

SHAKA SI UGONJWA

Kwanza, tuelewane. Kutilia shaka kozi uliyoichagua si ugonjwa. Anayefikiria maisha yake lazima ajiulize kama njia aliyoishika ndiyo.

Tazama jinsi uchaguzi wenyewe unavyofanywa. Mwanafunzi anamaliza kidato cha nne akiwa na umri wa miaka 17 au 18. Akipata alama ya C+ au zaidi anaweza kuomba nafasi ya shahada kupitia KUCCPS, shirika lililochukua mahali pa ile halmashauri ya zamani ya JAB baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Hapo anakadiriwa kwa alama za masomo manne yanayohusiana na kozi, na jumla ya juu kabisa ni pointi 48. Pointi hizo zinaonyesha kwamba anaweza kuingia katika kozi fulani. Hazionyeshi kwamba kozi hiyo itamfaa.

Isitoshe, wataalamu wa ubongo wanatuambia kwamba ile sehemu ya mbele inayopima faida na hasara za baadaye huendelea kukomaa hadi mtu anapofika umri wa miaka 25 hivi. Kwa hiyo tunawataka watoto wetu wafanye uamuzi wa miaka 40 ijayo kabla ya chombo cha kufanyia uamuzi huo kukamilika. Si ajabu kwamba wengine wanageuza nia. Ajabu ni kwamba sisi wazazi tunashangaa.

Jambo hili linasogea hata kwa watoto wadogo zaidi. Mwezi Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 wakiwa wamechagua moja ya njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Wengi wao wana miaka 15. Mtihani wa mwisho wa KCSE katika mfumo wa 8-4-4 umepangiwa mwaka 2027. Basi maswali ambayo zamani tuliyasikia kwa wanafunzi wa chuo, tujiandae kuyasikia kwa walio bado na sare za shule.

TUMBO NA UBONGO NI MAJIRANI

Wengi huniuliza, "Daktari, mawazo yanawezaje kumtapisha mtu? Huyu si anajifanya?"

La, hajifanyi. Mtu anapoona hatari, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda kwa kasi, misuli hukaza, viganja hutoa jasho, na damu hupelekwa kwa wingi kwenye misuli ili mtu akimbie au apigane. Tumbo huambiwa lisubiri. Mwili hautofautishi sana kati ya simba na chumba cha mtihani. Tofauti ni kwamba simba hupita kwa dakika chache, lakini kozi usiyoitaka inakungoja kila asubuhi kwa miaka minne au mitano.

Matumbo yana mamilioni ya seli za fahamu, nayo huwasiliana na ubongo wakati wote kupitia mshipa mkubwa wa neva unaoshuka kutoka kichwani. Ndiyo maana kabla ya mahojiano ya kazi mtu huenda msalani mara tatu. Hali hiyo ikidumu kwa wiki na miezi, hutokea kichefuchefu, tumbo kujaa gesi, kiungulia, kuhara au kufunga choo. Maumivu hayo ni ya kweli, hata kamera ya tumboni isipoonyesha kidonda.

ALSA NI NINI HASA?

Hapa lazima niseme jambo kuhusu hii tunayoiita alsa, kwa sababu katika mitaa yetu kila maumivu ya tumbo hupewa jina hilo.

Vidonda vya tumbo ni vidonda halisi kwenye ukuta wa tumbo au mwanzo wa utumbo mdogo. Kwa miaka mingi hata madaktari waliamini kwamba huletwa na mawazo. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua kwamba vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Sababu ya pili kuu ni dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofen na diclofenac zikitumiwa ovyo.

Zingatia mtego uliopo. Mwanafunzi ana wasiwasi, kichwa kinamuuma. Ananunua diclofenac dukani, anaimeza bila ya kula, wiki baada ya wiki. Alianza na maumivu yasiyo na kidonda, mwishowe anajitengenezea kidonda cha kweli. Wengine huongeza vinywaji vya kuchangamsha ili wakeshe wakisoma, au muguka, na usingizi unatoweka kabisa.

Bakteria huyo hupimwa kwa choo au kwa pumzi, na hutibiwa kwa mseto wa dawa kwa wiki mbili hivi. Kwa hiyo usikubali kunywa dawa za alsa mwaka mzima bila ya kupimwa. Na ukitapika damu, ukiona choo cheusi kama lami, ukikonda bila ya sababu au chakula kikikwama kooni, usingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

SHAKA INAPOKUWA MARADHI

Basi mtu atajuaje kwamba shaka yake imevuka mpaka?

Shaka ya kawaida huja na kwenda. Mwanafunzi analalamika kuhusu mhadhiri, anasema angalisomea sheria, kisha jioni anacheza mpira na wenzake, anakula, analala. Maradhi hayampi nafasi hiyo. Kuna mawili tunayoyaona zaidi. La kwanza ni wasiwasi uliokithiri, yaani hofu isiyozimika hata pasipo na jambo la kuogopa. La pili ni sonona, yaani huzuni na uzito wa moyo unaodumu.

Jiulize iwapo, kwa wiki mbili au zaidi na karibu kila siku:

- una huzuni, au mambo uliyoyapenda zamani hayakuvutii tena;
- usingizi umepotea, au unalala mchana kutwa na bado umechoka;
- hamu ya chakula imekwisha au imepita kiasi;
- unasoma ukurasa mmoja mara tano na hakuna kinachoingia akilini;
- unajiona huna thamani, au umewaaibisha watu wa kwenu;
- unajitenga na marafiki, huchukui simu za nyumbani;
- umefikiria kwamba ingekuwa afadhali ufe.

Ukiwa na kadhaa kati ya hayo, muone daktari. Na hilo la mwisho likiwepo, hata peke yake, usingoje wiki mbili. Mwambie mtu leo.

Nilimuuliza yule kijana wa Landless swali hilo waziwazi, jinsi ninavyowauliza wote. Wapo wanaodhani kwamba ukimuuliza mtu kuhusu kujiua utamtia wazo hilo kichwani. Si kweli. Aghalabu mtu huona nafuu kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Alijibu kwamba usiku mwingine huomba alale asiamke. Hakuwa na mpango wowote, lakini maneno hayo yalinitosha kujua kwamba hatuzungumzii kozi tu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo duniani miongoni mwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 29. Hapa Kenya, kwa muda mrefu kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na wengi wakaogopa kutafuta msaada. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Basi asikutishe mtu kwa polisi. Unaweza kupiga simu bila malipo kwa Shirika la Msalaba Mwekundu, nambari 1199, au 116 kwa walio chini ya miaka 18.

USIUZE SHAMBA UKIWA NA HOMA

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Mwanafunzi mwenye shaka na mzazi wake hupenda kuanza na swali moja: aache kozi au asiache? Mimi huwaambia kwamba hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: je, ni mgonjwa? Kama ni mgonjwa, atibiwe kwanza, kisha ndipo aamue. Hakuna anayeuza shamba akiwa na homa ya nyuzi 40, kwa sababu kesho akipona atajuta.

Sababu yenyewe ni rahisi. Sonona huondoa ladha ya kila kitu. Mwenye sonona akiitazama kozi yake ataiona mbaya, lakini hata ungempa kozi nyingine angeiona mbaya vilevile. Kwa hiyo shaka inaweza kuwa chanzo cha ugonjwa, na pia inaweza kuwa dalili yake. Kwa macho huwezi kutofautisha.

Nilipata kumtibu msichana aliyekuwa akisomea uuguzi. Alikuja akiwa ameshaandika barua ya kuacha masomo. Alisema hawezi tena kuwatazama wagonjwa, na kwamba alikosea kuchagua. Katika mazungumzo ikajulikana kwamba nyanya yake aliyemlea alikuwa amefariki miezi mitano nyuma, katika wadi inayofanana na ile aliyokuwa akifanyia mazoezi. Hakupata hata wiki moja ya kuomboleza. Tulimshauri aiweke barua ile kabatini. Alipewa likizo ya ugonjwa, akaonana na mshauri nasaha, akatumia dawa kwa miezi kadhaa. Aliporudi wadini aligundua kwamba uuguzi anaupenda. Leo ameajiriwa.

Yule kijana wa uhandisi alikuwa kinyume chake. Alitibiwa, usingizi ukarudi, akaanza kula, akaacha kuwaza kifo. Kisha, akiwa na akili timamu na moyo mtulivu, alisema maneno yale yale aliyoyasema akiwa mgonjwa: hii kozi siitaki. Hapo nikajua kwamba anayezungumza si ugonjwa.

Wala msidhani kwamba kozi zinazosifiwa sana ndizo zenye amani. Uchunguzi uliokusanya takwimu za wanafunzi wa udaktari katika nchi zaidi ya 40 na kuchapishwa mwaka 2016 uligundua kwamba zaidi ya robo yao walikuwa na sonona au dalili zake. Nami ni shahidi. Nilipokuwa mwaka wa tatu wa udaktari kulikuwa na majuma niliyoitamani kazi yoyote ile isiyokuwa na damu. Niliyamaliza kwa sababu mwenzangu wa chumbani alinilazimisha kusema.

MATIBABU YAKOJE?

Daktari atakupima kwanza kuhakikisha kwamba huna upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo au tatizo jingine la mwili linalofanana na wasiwasi. Kisha atakuuliza maswali. Jibu ukweli, ikiwa ni pamoja na pombe, bangi na muguka.

Kwa wengi, dawa ya kwanza ni mazungumzo na mshauri nasaha kwa vikao kadhaa. Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri kwa wanafunzi, na wengi hupita mlangoni pake miaka minne bila ya kuingia. Wengine huhitaji vidonge. Dawa za sonona hazilewi wala hazimfanyi mtu kuwa mtumwa wake kama pombe, lakini zina masharti. Huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi kabla ya kuonyesha nguvu. Kwa vijana walio chini ya miaka 25 ni lazima daktari awe karibu wiki za mwanzo, kwa kuwa kwa wachache mawazo ya kujidhuru huweza kuongezeka. Usiziache ghafla eti kwa sababu umepata nafuu.

Najua hofu iliyopo. Matatu za Thika hupita karibu na hospitali ya Mathari kila siku kuelekea Nairobi, na ndani ya matatu husikika mzaha kwamba fulani ateremshwe hapo. Kwa hiyo mtu akiambiwa akili yake inahitaji matibabu anadhani anapelekwa kufungiwa. Sivyo. Wengi wa wagonjwa wa aina hii hawalazwi. Hutibiwa wakitoka nyumbani, na pa kuanzia ni kliniki iliyo karibu au hospitali ya rufaa ya kaunti kama Thika Level 5. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na mambo madogo yasidharauliwe. Kijana wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 7 hadi 9. Kutembea kwa kasi nusu saa kwa siku husaidia. Aache kafeni baada ya saa nane mchana, na simu ilale mbali na kitanda.

MLANGO WA KUTOKEA UPO

Baada ya kupona, kama shaka ingalipo, ujue kwamba si lazima kuchagua kati ya kuvumilia na kutoroka. Kuna mengine.

Unaweza kuahirisha masomo kwa muhula au mwaka mmoja. Vyuo hukubali barua ya daktari kwa jambo hilo, na nafasi yako husubiri. Hiyo ni bora mara mia kuliko kukosa mtihani kimyakimya. Unaweza pia kuomba kuhamia idara nyingine chuoni humo humo, na kwa kawaida maombi hayo hupokelewa wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza. Vilevile KUCCPS huwa na utaratibu wa kuhamisha wanafunzi kutoka chuo kimoja hadi kingine, mradi uwe na alama zinazotakiwa na kozi unayoitaka. Kama una mkopo wa HELB, wape habari mapema.

Kabla ya kuamua, andika mambo matatu kwenye karatasi. Je, sikipendi hiki ninachosoma, au sipendi namna kinavyofundishwa? Je, kazi yenyewe nimewahi kuiona kwa macho, walau kwa wiki moja? Na hiyo kozi ninayoitamani, ninaijua, au ninaitamani kwa sababu tu siyo hii? Kuuliza si ujinga. Mtafute anayefanya kazi hiyo hapa mjini, umuombe siku mbili ukae naye.

Tena, kozi si kaburi. Profesa Miriam Were alisomea sayansi Marekani, akawa mwalimu wa shule ya upili, kisha akarudi darasani na kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1973. Mwaka 2008 serikali ya Japani ilimtunuku tuzo ya Hideyo Noguchi kwa kazi yake ya afya vijijini. Naye marehemu Dkt Margaret Ogola alibaki kuwa daktari wa watoto, na bado akaandika riwaya ya The River and the Source, iliyotoka mwaka 1994 na kusomwa na maelfu ya wanafunzi wa kidato cha nne. Mmoja alibadilisha njia, mwingine akaitanua ile aliyokuwa nayo. Kupotea njia ndiko kujua njia.

NENO KWA WAZAZI

Najua unayoyabeba, mzazi. Karo haitoki mbinguni. Wengine mmeuza ng'ombe, wengine mmekopa kwa chama. Mwana akisema anataka kuacha, unaona miaka yako ikimwagwa.

Hata hivyo, maneno ya kwanza utakayoyatamka ndiyo yatakayoamua kama atakuambia mengine. Ukianza na "baada ya yote niliyokufanyia," atafunga mdomo, na utapata habari zake kwa chuo au kwa hospitali. Uliza kwanza, "Umeanza lini kujisikia hivyo?" Kisha nyamaza usikie. Hujakubali lolote kwa kusikiliza. Uliza kama analala, uliza kama anakula. Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Na mkubaliane kwamba hakuna uamuzi utakaofanywa usiku huo.

Yule kijana aliniomba nimsaidie kumwambia mama yake. Nikamwita mama ndani, akaketi akiwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Kijana alisema yote, akitazama sakafu. Mama hakufa. Alinyamaza, akauliza, "Na ile pesa ya watu?" Kisha machozi yakamtoka. Nilidhani ataanza kumgombeza. Badala yake alimgeukia mwanawe akamuuliza, "Kwa hivyo huko chuoni ulikuwa ukila wapi?"

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Kulikuwa na mjomba aliyekasirika na majirani waliouliza maswali. Ilichukua karibu mwaka. Kijana alijiunga na chuo cha ufundi kusomea mitambo ya friji na kupoza hewa, jambo alilokuwa akilifanya kwa mikono yake tangu utotoni, akifungua redio na pasi za watu. Sasa ana kazi, na mchango wa majirani ameanza kuurudisha kwa kuwatengenezea friji zao bure.

Tumbo lake sijaliona tena. Mama yake hunipitia mara kwa mara kwa ajili ya presha yake. Wateja wa kibandani, ananiambia, bado wanaarifiwa kwamba mwanawe ni injinia. Siku hizi huongeza tu, "wa friji."

Iwapo una mwana anayeugua kila anapofungua chuo, mlete apimwe tumbo. Kisha toka nje kidogo, umwache azungumze.